Ng'ombe Saba Wanaolilia Bomba

Kanja, 12 Januari 2025

Mume wangu Nthiga,

Sijui kama nikusalimie au nikutangaze redioni kama mtu aliyepotea. Krismasi nilichinja jogoo kwa ajili yako, nikampika, nikajifunga leso mpya, nikakaa mlangoni kama bibi harusi. Jua lilizama mume hajaonekana. Paja lako alilila Eunice, tena bila aibu, na nimemwamuru aliandike hili jinsi nilivyolisema.

Mkono huu ni wa Eunice, jirani yangu, yule aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Sasa amestaafu na kazi yake ni kunihubiria. Anasema barua haianzi kwa kugombana. Nimemwambia kalamu ni yake lakini mdomo ni wangu. Tunakuandikia Kiswahili cha sokoni kwa sababu wewe ukisema Kiembu mbuzi hucheka. Hayo ni matunda ya kulelewa na mamako Karwirwa na watu wake wa Githongo. Msalimie hata hivyo. Alinizalia mume, na babako akakupa jina la babu yako, aliyenioa kweli, kama inavyotakiwa, kwa hiyo sina ugomvi naye.

Sisi tupo. Goti langu la kushoto limeamua kuwa la mzee, la kulia bado ni la msichana. Kahawa imetoa maua kabla ya wakati wake. Kanisani wamenunua spika kubwa na sasa Mungu anatusikia hata tukinyamaza.

Sasa nikuulize jambo. Juzi redio ilitaja jina la babako. Nilizoea kulisikia alipokuwa waziri, kila siku anakata utepe mahali. Safari hii anatajwa na wapelelezi wa ufisadi. Wanataka kujua shamba la Timau, hilo unalolisimamia wewe, lenye ngano hadi macho yachoke, lilinunuliwa kwa pesa gani, na kama si za ule mradi wa maji wa huku Kanja. Mtangazaji akasema mheshimiwa amejibu kwamba mali hiyo ilitokana na ufugaji wa mamake.

Nthiga, mamake ni mimi. Nilizima redio nikaenda zizini kuuona utajiri wangu. Nilimkuta Jumapili peke yake, ng'ombe wangu huyo mmoja, amesimama kwa miguu mitatu kwa sababu wa nne unamuuma, na maziwa yamekauka tangu Oktoba. Nilimpongeza. Nilimwambia sikujua kwamba ndiye aliyenunua Timau.

Nieleze wewe uliyesoma. Barua ataileta Abdimalik wa lori la viazi, maana simu yako siku hizi inaongea na mimi kwa sauti ya msichana nisiyemjua, anasema hupatikani.

Mkeo,
Ruguru


Timau, 9 Februari 2025

Cucu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Huku asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na wafanyakazi wanaota moto kabla ya kushika kazi. Mimi mzima. Mama anakusalimu kutoka Githongo, yuko kwa wajomba, anasema Nairobi imekuwa na kelele. Pole kwa goti. Pole kwa Krismasi pia. Kulikuwa na mambo mengi ya shamba na sikupata nafasi.

Kuhusu simu, wakili wa Baba ametushauri tusizungumze kwa simu maana zinasikilizwa. Ndiyo sababu nafurahi kwamba umeandika. Tafadhali uendelee kuandika, na ukimaliza kusoma hizi zangu uzitie motoni.

Hayo ya redio usiyatilie maanani, Cucu. Ni siasa. Baba ana maadui, na vyombo vya habari hupenda kukuza mambo. Wakili anasema yote yataeleweka kwa wakati wake.

Baba amekukumbuka. Anasema umeteseka sana na ng'ombe mmoja. Wiki ijayo lori litafika hapo na zawadi kidogo. Tafadhali uipokee, na majirani wakiuliza huna haja ya kueleza sana.

Mvua bado. Huko je?

Mjukuu wako,
Nthiga


Kanja, 2 Machi 2025

Mume wangu,

Barua yako niliisomewa mara mbili. Mara ya kwanza kutafuta jibu, mara ya pili kumwonyesha Eunice kwamba halimo. Nilikuuliza shamba lilinunuliwa kwa pesa gani, ukaniambia nyasi zimeganda. Asante. Nitazivisha sweta.

Na sijaitia motoni. Mke hachomi barua za mumewe, hata zikiwa mbaya kama hii.

Zawadi kidogo ilifika. Ng'ombe saba, Nthiga. Wakubwa, wana mabaka meusi na meupe, wamenona, masikioni wana vidude vya njano kama wanawake wa mjini. Dereva aliwashusha, akageuza lori akaondoka kama mtu aliyetupa takataka. Zizi langu linatosha Jumapili na jembe. Mmoja ameingia kwenye shamba la nduma, wawili wamefyeka majani yote ya nepia hadi kwenye mpaka wa jirani, na yule mkubwa alilala mbele ya mlango wangu, ikabidi nitokee dirishani. Katika umri huu. Eunice alinivuta miguu huku akikemea pepo.

Kwa kuwa ni wangu, nimewapa majina, maana hapa kwetu ng'ombe asiye na jina ni wa kuibwa. Sikuenda shule, lakini babako amehutubia hapa mara nyingi nami nilikuwa nikisikiliza. Kwa hiyo kuna Uzinduzi, kuna Mchakato, kuna Mkakati, kuna Tenda, kuna Kamati, kuna Maendeleo. Yule anayekula kuliko wote na hatoi kitu nimemwita Wakili.

Lakini kuna jambo ambalo mheshimiwa alisahau. Ng'ombe hunywa maji.

Unalijua lile bomba la langoni. Siku ya kulizindua babako alinisimamisha kando yake, akafungua, maji yakatoka, akanawa mikono mbele ya kamera na watu wakapiga makofi. Maji yale yalikuwa ya tangi lililoletwa asubuhi na kufichwa nyuma ya kanisa. Yalipokwisha tangini yakaisha duniani. Tangu siku hiyo bomba ni kiti cha kuku.

Ng'ombe wako hawalijui hilo. Wao wamezoea mabirika ya Timau. Walipoliona bomba walikwenda wakasimama mbele yake, wote saba, wakaanza kulia. Walilia hadi jioni. Tunawapeleka mtoni, mimi na Eunice na goti, wanakunywa, wakirudi wanapita langoni na kusimama tena kusubiri. Wana imani kuliko wapiga kura.

Na uliza kwa nini tunayafuata maji hadi mtoni. Zamani kulikuwa na mtaro. Ulianzia juu msituni ukapita kwenye kila boma, na kila boma lilikuwa na zamu yake ya kufungua. Babu yako ndiye aliyekuwa mlinzi wa mtaro. Huo ndio uliofukiwa ili mabomba yapite. Mabomba hayakupita.

Babako akiwa kijana alifungua maji usiku katika zamu ya mjane mmoja, akayaelekeza kwenye viazi vyake mwenyewe. Kwa kawaida yetu, mwizi wa zamu hatozwi kitu. Anapewa jembe, anaanzia juu kabisa, anazoa tope la mtaro wote peke yake mchana kweupe, na watu wanasimama kando wakimtazama. Babu yako ndiye aliyemkabidhi jembe. Mwanawe wa kwanza, na alimkabidhi bila kusema neno, kisha akamfuata nyuma kutwa nzima amembebea uji.

Sasa niambie. Hawa ng'ombe wameletwa wanywe, au waonekane?

Abdimalik anangoja kwenye lori. Amefunga Ramadhani, amekataa chai yangu kwa adabu, nimempa ndizi za kufuturu.

Mkeo,
Ruguru


Timau, 16 Machi 2025

Cucu mpendwa,

Salamu. Nimefurahi kwamba ng'ombe walifika salama. Pole kwa nduma. Mama anaendelea vizuri, ila shinikizo la damu limepanda kidogo. Tumeanza kutayarisha mashamba tukingoja mvua.

Cucu, nitasema wazi kidogo. Wapelelezi watakuja Kanja kabla ya mwisho wa mwezi. Watakuuliza kuhusu mifugo. Wakili anaomba useme tu kwamba umefuga ng'ombe wa aina hiyo kwa miaka mingi, kwamba wewe na Babu mlikuwa wafugaji wakubwa, na kwamba mlimsaidia mwanenu kuanza maisha. Si uongo mtupu, maana kweli mlifuga, na kweli mlimsaidia. Baadaye wakili atakuja uweke kidole gumba.

Tafadhali pia usiwaite kwa hayo majina mbele ya wageni.

Najua unaona ni jambo dogo la kucheka, lakini Baba anaweza kufungwa. Hapati usingizi. Juzi alikuja hapa akatembea shambani peke yake hadi giza. Aliniambia, kwa jina analoniita siku zote, "Baba, kama mama yangu mwenyewe hatanisimamia, nani atanisimamia?"

Huku kumetulia. Ngano ya mwaka jana ilikuwa nzuri.

Mjukuu wako,
Nthiga


Kanja, 30 Machi 2025

Mume wangu Nthiga,

Nimefurahi kwamba ngano ilikuwa nzuri. Nilikuwa silali kwa ajili ya ngano.

Mvua haijanyesha. Jumapili amepona mguu, nadhani ni kwa sababu ya kutembelewa na matajiri. Eunice alikasirika, siku mbili hakuja, kwa sababu nilimwambia maombi yake yana urefu wa nepia, lakini leo amerudi na sahani ya mukimo, kwa hiyo tumesameheana na tunaandika.

Wapelelezi walikuja Jumatano. Mwanamume mmoja mwenye viatu vya kung'aa na msichana mmoja mwenye gambuti za mpira. Nikawapa chai, maana mgeni ni mgeni hata akija kumkamata mtoto wako. Yule mwanamume alikuwa na maswali mengi. Ng'ombe hawa ni wako, mama? Nikamwambia wako kwangu, wanakula kwangu, wanakunya kwangu. Umekuwa nao tangu lini? Nikanyamaza.

Nataka uelewe nilinyamaza kwa nini. Neno lako lilikuwa mdomoni, tayari. Miaka mingi. Ni maneno mawili tu. Nilimwona babako akiwa mdogo, ana surua, amelala kifuani pangu, na nilitaka kuyasema, Nthiga. Ningeapa hata kwamba mimi ndiye niliyemzaa Wakili.

Basi wakati nimenyamaza, ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Wakapita mbele yetu wote, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye bomba, wakapanga mstari kama watoto wa shule, wakaanza kulia. Yule mkubwa akawa analamba chuma. Nyuma yao akaja Jumapili, akafika hapohapo, akajikuna ubavu kwenye bomba na kupita zake.

Mwanamume aliendelea kuandika. Lakini msichana wa gambuti aliweka kikombe chini. Akawatazama wale saba, akamtazama yule mmoja. Akaenda akafungua bomba mwenyewe. Kukatoka buibui.

Akarudi, akachuchumaa mbele yangu kama mjukuu, akaniuliza, "Cucu, hawa wanalilia nini?"

Nikamwambia, "Wanalilia maji ya mwanangu. Na sisi tumelilia hayo hayo, ila sisi tulichoka."

Hakuniuliza tena. Nadhani hata kwao kuna bomba.

Kidole gumba changu kiko hapa na kitabaki hapa. Mwambie huyo wakili asichome mafuta ya gari. Na babako anayeuliza nani atamsimamia, mwambie hivi. Akifungwa nitapanda lori la Abdimalik hadi mlango wa jela na chungu cha githeri, na nitawagombeza askari mpaka wanifungulie. Huyo ni mtoto wangu akiwa waziri na akiwa mfungwa. Lakini nikisema uongo huu mbele ya majirani zangu, wanaoshuka mtoni kila asubuhi na mitungi mgongoni, ataepuka jela na hatakuwa na nyumbani pa kurudi. Mimi pia sitakuwa napo.

Sasa wewe. Nilikuuliza maswali ukanijibu kwa hali ya hewa. Ng'ombe hawakujipakia kwenye lori. Shamba ni lako kusimamia, kwa hiyo mkono ulioshika kamba najua ni wa nani. Sikuulizi. Nakukumbusha tu kwamba babako amekuita Baba tangu siku uliyozaliwa, kwa sababu ya jina la babake ulilobeba. Ni heshima nzuri, unapewa kiti na paja la kuku. Lakini babake hakuwa wa kupewa paja tu. Siku moja alikabidhi jembe.

Usinijibu mpaka uwe na jibu.

Ruguru


Timau, 20 Julai 2025

Cucu,

Nisamehe kwa miezi hii yote. Niliandika barua nne na kuzichana. Abdimalik alikuwa akipita kila wiki, ananiangalia, ananiuliza kama kuna mzigo wa Kanja, namwambia bado. Mwezi uliopita aliacha kuuliza.

Mama hajambo. Baridi ni kali.

Nilikwenda kwa wapelelezi. Hakuna aliyeniita. Nikawaambia kwamba ng'ombe saba walitoka kwenye zizi la hapa na kwamba niliwapakia mimi, na kwamba tangu nilipoanza kulisimamia shamba hili hakuna kitu kilichowahi kuja kutoka Kanja isipokuwa ndizi zako. Walinisikiliza, wakaniambia niende nyumbani na nitaitwa.

Baba alinipigia usiku huo. Hakuniita Baba. Aliniita Nthiga. Kisha akakata.

Sasa ameshtakiwa, yuko nje kwa dhamana, anakaa Githongo kwa wajomba zangu. Wale waliokuwa wakijaa uani kwake hawaji tena. Anakaa barazani na simu zake mbili, na hazilii. Nilimtembelea Jumapili iliyopita. Hakunifukuza. Aliniuliza swali moja tu, kama mtaro wa Babu bado unaonekana. Nilimwambia sijui, kwa sababu sijafika.

Sina la kusema zaidi. Ndilo jibu nililo nalo.

Nthiga


Kanja, 10 Agosti 2025

Mume wangu,

Eunice alipofika mahali pa "nilikwenda" akashindwa kusoma, akavua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akashindwa tena. Ilibidi nimpe chai. Mimi sikulia. Ulikuwa ni moshi tu.

Nikupe habari za huku kwanza, maana zimenenepa. Ng'ombe saba si wangu tena, wala si wa babako. Sasa ni ushahidi. Ilikuja karatasi yenye mhuri, Eunice akanisomea, inasema wasiuzwe, wasihamishwe, wasife. Hasa wasife. Mvua ilikuja ikaisha, Juni nikamtumia chifu ujumbe kwamba ushahidi una kiu na mimi nina goti. Nilitegemea anitukane. Wiki hiyo hiyo likaja lori la maji, jekundu, na tangi mgongoni. Ndiyo, Nthiga. Kila wiki linapanda hadi langoni kwangu kunywesha ushahidi wa serikali. Dereva ni mtu mwema, anajua ng'ombe saba hawamalizi tangi, kwa hiyo hufunga macho na kusinzia kwenye usukani. Kanja nzima inakuja na mitungi. Tenda na Kamati hungoja hadi watoto wajaze kwanza. Miaka yote babako akiwa waziri hatukupata tone, na mwaka huu anaposhtakiwa tumepata maji. Mwambie kwamba mradi wake umefaulu.

Mwambie kwa kicheko. Ukimwambia kwa hasira hatakuja.

Maana hapo kwenye swali lake ndipo nilipomsikia mtoto wangu. Mtaro unaonekana. Umefukiwa lakini nyasi zake ni za kijani kuliko nyingine, unaweza kuufuata kwa macho kutoka msituni hadi hapa. Wanaume wa hapa wamekuwa wakisema uzibuliwe. Kila mtu anangoja mwingine aanze.

Na usiumie kwamba alikuita Nthiga. Alidhani anakuvua kitu. Hilo lilikuwa jina la babake kabla halijawa lako, na usiku ule ndilo lililomjia mdomoni.

Kesi ni ya mahakama, sitaigusa. Watamfunga au hawatamfunga. Lakini kabla hawajaamua, sisi tuna yetu, na hiyo haihitaji wakili.

Kwa hiyo sikiliza utakavyokuja. Usije peke yako, ukija peke yako sikufungulii. Pitia Githongo umchukue. Nunua jembe moja jipya, la kwako usilete, utakuwa umebeba uji. Viatu vyake vya ngozi aviache kwa wajomba, avae gambuti. Mje Jumamosi asubuhi, siku ambayo watu wako nyumbani, na msishuke na gari hadi mlangoni. Lisimame barabarani, mtembee, aonekane. Majirani watasimama kando. Wengine watacheka, mimi nitakuwa wa kwanza. Jembe umkabidhi wewe, na usiseme neno.

Lakini mkifika langoni, kabla hajanisalimia, mwambie afungue lile bomba anawe mikono. Aligeuze hadi mwisho, asubiri kama ng'ombe wake walivyosubiri. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya moto na sabuni, na nitammiminia mwenyewe.

Mkeo,
Ruguru